Meno ya bandia yaliniunguza mdomo, nikajifunza kulala kibogoyo

Mimi ni mstaafu wa jeshi hapa Bombo, Uganda, miaka 69, meno ya juu yote ya bandia tangu 2017. Mwaka jana pembe za mdomo zikaanza kupasuka, nikipiga miayo tu damu, nikadhani ni baridi nikawa napaka vaselini. Baadaye chai ya moto ikanishinda, mchuzi wa binyebwa, yaani karanga, ukiwekwa pilipili kidogo ni kama nimelamba kaa la moto. Duka la dawa wakanipa antibayotiki, nikamaliza dozi yote ndo kwanza ikazidi.

Binti yangu akanipeleka kwa daktari wa meno Kampala. Dada wa watu akasema mzee vua meno, akanipa kioo nijionee. Jamani! Kaakaa lote jekundu, na wekundu wenyewe unaishia pale pale yanapoishia meno, kama mtu amepiga muhuri. Akauliza, unalala nayo? Nikanyamaza. Mke wangu hajawahi kuniona kibogoyo, miaka yote hiyo nayaoshea bafuni mlango nimeufunga.

Kumbe ni fangasi, wanapenda joto na unyevu wa chini ya plastiki, na vidonge vyangu vya presha vile vya kukojoza vinachangia kukausha mate. Akapima na sukari maana ikipanda nayo inaleta hayo, ikawa sawa. Akaniandikia nistatini ya maji, mililita 1 mara 4 kwa siku baada ya kula, meno yakiwa nje, unaizungusha mdomoni unakaa nayo kwanza ndo umeze, wiki 2. Meno yenyewe usiku yalale kwenye maji ya kawaida, ya moto yanayapinda, na niyasugue kwa brashi na sabuni, dawa ya meno inayakwaruza. Ila kidonda chochote kikizidi wiki 2 hakijapona nirudi haraka, umri huu kansa ya mdomo sio ya kupuuza.

Dawa haikunisumbua, kazi ilikuwa kikombe cha kulazia meno usiku. Usiku wa kwanza nikazima taa ndo nikavua, mama watoto akauliza mbona leo unaongea kama mtoto mchanga, ikabidi niseme. Akacheka weee! Kumbe alijua siku nyingi, eti nikikoroma yanagongana.

Wiki ya pili nikarudia chai yangu ya moto. Kikombe sasa kina kifuniko, maana mjukuu aliamka na kiu usiku akakishika.