Sufuria ya Mama na Mashine ya Kuoshea Vyombo

Wiki ya kwanza tulipohamia nyumba yenye mashine ya kuoshea vyombo hapa Toronto, niliijaza kila kilichokuwa jikoni, pamoja na sufuria ya alumini niliyopewa na mama nilipoondoka Tanga. Nilipofungua mlango baada ya saa mbili, sufuria ile iliyozoea kumeremeta ilikuwa imegeuka rangi ya risasi, na kitambaa cheupe nilichoifutia kikatoka na weusi.

Kosa halikuwa la mashine, wala la maji ya moto peke yake. Poda ya mashine si sabuni ya povu tuliyoizoea: sehemu yake kubwa mara nyingi ni sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo iliyomo katika magadi, na yeyote aliyewahi kuchemshia maharage ya magadi katika sufuria ya alumini anaujua weusi huo. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba wa oksidi. Magadi huula utando huo, na joto la nyuzi 60 huharakisha kazi. Nilichemsha maji ya ndimu humo, ndani pakang'aa tena. Nje nimepaacha palivyo.

Tangu siku hiyo, kwa kuwa vyombo tulivyotoka navyo nyumbani havina alama yoyote kwenye kitako ya kuonyesha kama vinafaa kuingia mashineni, naangalia kwanza kila kimoja kimetengenezwa kwa nini. Upawa wa kifuu na mwiko wa mbao hulowa muda mrefu, kisha hukaushwa kwa joto, hivyo hupasuka. Mbuzi ya nazi sijathubutu: miguu ya mbao, jino la chuma kinachoshika kutu. Chupa ya chai huweza kuingia maji kati ya ganda la nje na la ndani, ikaacha kutunza joto. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu na sahani nzito zisizo na urembo wa dhahabu naviingiza bila wasiwasi.

Bilauri ndizo zilizonisumbua kidogo, kwa sababu ukungu wake una asili mbili: ukitoka kwa siki, ulikuwa chokaa ya maji tu, usipotoka, kioo chenyewe kimeliwa na hakitengenezeki.

Mama aliponiuliza kwa simu habari za sufuria yake, nilimjibu kwamba inapika wali vizuri sana, jambo ambalo ni kweli.