Samaki wa kwanza niliyemrudisha majini

Kwetu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, samaki mzuri harudishwi majini. Baba alikuwa mvuvi wa sangara, mtu wa nyavu na migonzo, na nimekua nikijua kwamba riziki ikikufikia mkononi unaipokea kwa mikono miwili. Nimekaa hapa Syracuse, jimbo la New York, mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na imani hiyo nilikuja nayo kama nilivyokuja na Biblia yangu. Lakini Novemba iliyopita nilisimama mtoni maji yakiwa mapajani, nikiwa na samaki mnene wa urefu wa mkono mzima, nikamwachia aende zake. Tangu hapo ndugu wengi kanisani wameniuliza nilipatwa na nini. Naandika ili nisirudie maelezo kila Jumapili.

Mto wenyewe unaitwa Salmon River, mwendo usiofika saa moja kwa gari kwenda kaskazini. Unateremka kutoka nyanda za Tug Hill, unapita Altmar na Pulaski, unamwaga Ziwa Ontario. Zamani ziwa hili lilikuwa na samoni wake wa asili, wale wa Atlantiki. Walikwisha kabla ya mwaka 1900, kwa mabwawa ya viwanda, ukataji wa misitu na uvuvi wa pupa. Mwaka 1968 jimbo likaanza kupandikiza samoni wa kutoka pwani ya Pasifiki, sababu mojawapo ikiwa kupunguza visamaki vidogo vilivyojaa ziwani hadi vikawa vinakufa kwa malundo ufukweni. Tangu 1980 pale Altmar kuna kituo kikubwa cha jimbo cha kutotoleshea samaki.

Mtu wa Ziwa Victoria akisikia habari hiyo lazima amkumbuke sangara. Naye ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950. Baba aliezeka nyumba yetu bati kwa fedha ya sangara, na babu alikufa akiwa bado anamlaumu sangara kwa kuwamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu. Kwa hiyo sikwenda Salmon River nikidhani naenda kuona bustani ya Edeni. Nilijua naenda kwenye maji ambayo binadamu ameyaharibu, kisha akajaribu kuyatengeneza.

Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika Jumapili mchana katika jengo la kanisa la Wamarekani waliotukaribisha. Mmoja wao ni mwongozaji wa uvuvi, mwenye leseni ya jimbo kwa kazi hiyo, na mashua yake ya makasia. Alitualika mimi na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Fizi, Kongo, aliyevua samaki aina ya mikebuka Ziwa Tanganyika kabla vita haijamtoa. Nilitoka kazini saa tisa usiku, sikulala. Saa kumi na moja tulikuwa ukingoni, theluji ikiwa imetanda, tukingoja kupambazuke, maana kwenye mto huu sheria hairuhusu kuvua usiku. Mzee alishangaa sana. Kwake, kama kwetu, usiku ndio wakati wa kazi: karabai zikiwaka juu ya maji, ziwa linaonekana kama mji.

Kabla ya kushusha mashua mwongozaji alivua kofia akaomba. Sala fupi. Aliomba usalama, akashukuru kwa mto, wala hakuomba samaki. Hilo nililitambua mara moja, kwa sababu sala za mwaloni, kule mitumbwi inakofikia, kwetu huwa ni samaki, samaki, samaki.

Namna anavyoendesha ile mashua ningeweza kuitazama siku nzima. Anakaa akiwa ameelekeza uso kule maji yanakokwenda, na makasia hayatumii kuisukuma mashua mbele. Anavuta kinyume na mkondo ili kuipunguza mwendo, taratibu, mpaka inateleza kando ya jiwe kama mtu anayepita kwenye umati bila kumgusa mtu. Mto ndio unaotupeleka. Yeye kazi yake ni kuzuia tusipelekwe ovyo.

Kando zote mbili kulikuwa na mizoga. Samoni wa aina ya Chinook hupanda mto Septemba na Oktoba, na akishaingia kwenye mto hali tena kitu. Anaishi kwa mafuta ya mwili wake. Jike anachimba shimo kwenye changarawe kwa kupigapiga mkia, anataga mayai kwa maelfu, na baada ya hapo, yeye na dume, wanakufa. Kila mmoja, bila kubaki hata mmoja. Nilisimama karibu na mmoja ambaye alikuwa bado hajafa. Mapezi yamelika, mkia umebaki miiba mitupu kwa kuchimba, mgongo una mabaka meupe ya ukungu. Alikuwa amejiegemeza kwenye jiwe, mdomo ukifunguka na kufunga, juu ya shimo lake. Harufu ilikuwa kali, shakwe wanapiga kelele, na juu ya mti tai mwenye kichwa cheupe ametulia ameshiba. Mzee wa Fizi alimwangalia yule samaki kwa muda mrefu, kisha akasema polepole maneno ya Yohana 12: chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake. Nimelisikia andiko hilo kwenye misiba mingi. Sijawahi kulisikia likiwa na harufu.

Sisi hatukuwa tumekuja kwa Chinook bali kwa stilihedi. Huyu ni trauti anayekwenda kukulia ziwani kisha anarudi mtoni. Anapanda nyuma ya samoni, anakula mayai yanayochukuliwa na maji, anakaa mtoni kipindi chote cha baridi, naye anataga majira ya kuchipua. Ndiyo maana chambo chetu kilikuwa shanga moja ya rangi ya chungwa, mfano wa yai, chini ya kiboya kidogo. Tofauti kubwa ni kwamba stilihedi akishataga si lazima afe. Anaweza kurudi ziwani, akapona, akapanda tena mwaka mwingine.

Tulirusha mishipi tangu kunapambazuka mpaka saa nne bila kuguswa. Barafu ilikuwa inaganda kwenye pete za ufito, kila baada ya dakika chache unazichovya majini iyeyuke. Vidole sikuvisikia. Nilijaribu namna zangu za nyumbani, nikavuta haraka, nikaingia kina ambacho sikuambiwa, nikateleza, maji yakaingia ndani ya ile suruali ya mpira hadi kiunoni. Mwongozaji alinishika mkono bila kunisema. Mzee naye akasema, “Ndugu yangu, hata Petro alikuwa mvuvi.” Nilielewa. Luka 5: tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu. Petro aliyasema hayo kwa mtu aliyekulia useremala. Nikarusha pale nilipoonyeshwa, nikaacha kiboya kiende kwa mwendo wa maji.

Kilizama. Nikainua ufito, na kitu cha upande wa pili kikaruka juu ya maji, cheupe kama sahani, kikakimbia na mshipi mpaka mashine yake ikalia. Sijui ilichukua dakika ngapi. Nilipomleta kwenye wavu nilikuwa natetemeka, na si kwa baridi.

Alikuwa jike. Ubavuni mstari wa waridi, kichwa kidogo, tumbo limeanza kujaa mayai ya kutagwa Machi au Aprili. Kwa kipimo chake sheria iliniruhusu kumchukua. Mwongozaji alisema hivyo wazi, kisha akanyamaza. Hakunishawishi.

Na hapo nikamsikia baba. Alikuwa na sala moja, kila mtumbwi ulipofika nchi kavu, uwe umejaa au mtupu: “Asante Bwana kwa ulichotoa na ulichobakiza.” Utotoni nilidhani ni mazoea ya ulimi. Lakini ni baba huyohuyo aliyewarudisha ziwani sangara wasiofika sentimita 50, wenzake wakimcheka, hata kabla maofisa hawajaanza kupita na rula mwaloni. Alichobakiza Bwana ndicho tulichokula mwaka uliofuata. Nilimshika yule jike mkiani kwa mkono mmoja, mwingine chini ya tumbo, kichwa kikielekea mkondo. Alipumua mara kadhaa. Kisha nikasikia misuli ikikaza kiganjani, akaondoka.

Wapo waliodhani niliogopa sumu. Ni kweli idara ya afya ya jimbo ina mwongozo kuhusu kula samaki wa Ziwa Ontario, na nawasihi kina mama wajawazito na wenye watoto wadogo waufuate. Mimi sikuwa nawaza hilo.

Saa tano tulisogea ukingoni. Mwongozaji akawasha jiko dogo la gesi, akakaanga soseji, akatukatia mkate, akamimina kahawa. Mzee akafungua Yohana 21, kile Kiswahili kizuri cha Biblia yetu: “Njoni mfungue kinywa.” Wavu wa wanafunzi ulikuwa na samaki wakubwa 153, lakini ukisoma kwa makini, walipofika pwani walikuta tayari moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Samaki wa motoni hakutoka kwenye wavu wao. Tulikula tumesimama, suruali yangu ikidondosha maji.

Jioni nikampigia mama simu kule Nansio, Ukerewe. Nikamsimulia yote, na nilipofika pale pa kumwachia akanikatiza, “Umemwachia? Mzima?” Nikasema ndiyo, mama. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

“Alikuwa na mayai?”

Nikamwambia alikuwa nayo.

“Haya,” akasema. “Sasa niambie, hizo nguo umeshabadilisha?”