Rimoti ya gari iliyokuwa ikifungua ikitaka: nilivyoitibu bila kununua funguo mpya

Rimoti ya gari langu ilianza kuchagua. Kufunga, ilifunga kila mara. Kufungua, pengine mbofyo mmoja ulitosha, pengine nabofya mpaka kidole kinauma na milango kimya. Kila fundi wa funguo niliyemuuliza alinipa jibu lilelile: programu imepotea, nunua funguo nyingine, elfu kumi na kitu pamoja na kuisajili. Ushauri huu wanikera, kwa sababu watu wengi wanalipa pesa hizo bure.

Usajili wa rimoti kwenye gari, ndiyo hiyo wanayoiita programu, hauji na kuondoka. Ikifungua asubuhi ikakataa mchana, tafuta mguso mbovu. Na kama kitufe cha kufunga hakikosei hata siku moja, umeshajua mengi: betri inatosha, gari linasikia, masafa ya mawimbi ya redio ni yaleyale. Kinachobaki ni swichi ya kitufe kimoja, au mota ya kitasa mlangoni. Bofya kufungua huku ukitazama taa ndogo ya rimoti. Isipowaka, ubovu uko mkononi mwako. Ikiwaka, indiketa za gari nazo zikajibu, lakini mlango mmoja ukabaki umefungwa, iache rimoti, ukamwone fundi umeme kuhusu mota ya mlango ule.

Betri niliiangalia hata hivyo. Nambari yake ni vipimo: CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR2025 ina upana huohuo lakini unene ni 2.5. Zote ni volti 3, basi muuzaji hukupa aliyonayo akasema ni mamoja. Si mamoja: ile nyembamba hucheza ndani na mguso hukatika. Kuipima ikiwa imekaa tu hudanganya, maana betri iliyochoka yaweza bado kuonyesha karibu volti 3. Pima ikiwa ndani ya rimoti, huku mwenzako amekandamiza kitufe. Ikishuka chini ya 2.5 hivi, badilisha. Betri nyingine hupakwa kitu kichungu ili mtoto asimeze, na utando huo huweza kuzuia mguso. Ufute.

Mombasa tuna la ziada. Hewa ya bahari ina chumvi, jasho la mfukoni lina chumvi, na kaskazi ikishika, joto na unyevu havipumziki. Vile vibati vinavyoshika betri hufifia, kisha huota ukijani. Visugue kwa raba ya penseli, malizia kwa mswaki laini uliochovywa isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, kisha viinue kidogo kwa pini ili vikaze. Tazama pia risasi ya kulehemu iliyoshika miguu ya vibati kwa kamera ya simu ukiikuza. Ukiona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, hapo pamepasuka.

Vibati vyangu vilikuwa salama, kwa hiyo nikaenda kwenye swichi. Ni kijiboksi kidogo chini ya mpira, ndani kina kikuba cha bati kinachobonyea na kuunganisha njia mbili. Betri nimeitoa, mita ya umeme iko kwenye ohm (kipimo cha ukinzani: ikisoma ndogo, mguso ni mzuri), ncha moja kila upande. Ya kufunga ilisoma chini ya ohm 1 kila nilipoibofya. Ya kufungua ilirukaruka: mara mamia, mara maelfu, mara haisomi kabisa. Mkosaji ndiye huyo.

Nikaanza kwa kudondosha isopropili pembeni yake na kuibofya mfululizo ijioshe. Ilitulia kwa muda, kisha ikarudia tabia yake, kwani isopropili huondoa uchafu lakini haiurudishi mpako wa mguso uliolika. Mafuta ya kulegeza kutu usiyapulizie humo, hubaki ndani yakakusanya vumbi.

Swichi mpya ya kimo kilekile sikuipata. Kimo ni muhimu: ikizidi hata nusu milimita, kifuniko kitaikandamiza muda wote na betri itaisha upesi. Ndipo nikaona kwamba swichi nzima ninayo tayari, kwenye rimoti hiyohiyo! Kitufe cha buti hakiguswi sana, na swichi yake ni sawa kabisa na ile ya kufungua. Nikaipima: chini ya ohm 1. Basi tukazibadilisha nafasi, ya buti ikaja kwenye kufungua, mbovu ikaenda kwenye buti, kwa kuwa buti la gari langu lina mpini wake.

Kazi hii mpe fundi wa simu, kama wale wa Mwembe Tayari. Ana kipulizia cha hewa moto cha kuyeyushia risasi, ana fluksi (dawa ya kufanya risasi ishike), na mkono wake umezoea vitu vidogo. Nililipa mia kadhaa tu. Mwambie afunike vipande vya jirani kwa utepe wa kuhimili joto, na asikawie, plastiki ya swichi huyeyuka. Swichi ya miguu minne ina jozi mbili zilizoungana ndani kwa ndani. Ikigeuzwa robo duara huwa kama imebofywa daima. Ijaribu kabla ya kufunga kava.

Wanaotaka kuagiza rimoti mtandaoni waangalie masafa. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia takriban megahezi 315, za Ulaya 433.92. Kava zinaweza kufanana kabisa, gari lisisikie kitu.

Mpira wa vitufe ukiwa umepasuka, badilisha kava, la sivyo jasho litaingia tena. Lakini chunguza kava la zamani kabla ya kulitupa: kwenye funguo nyingi chipu inayoruhusu injini kuwaka ni kipande kidogo cheusi kilichopachikwa peke yake kwenye plastiki. Haitumii betri wala haihusiani na milango, na ukiitupa, milango itafunguka vizuri lakini injini haitawaka.