Umetimuliwa kazi kwa kesi usiyoijua

Huku Marekani bosi anaweza kukuachisha kazi leo bila kukupa sababu, na karibu majimbo yote yanaruhusu. Ndiyo maana wengi wetu tukiambiwa "umeonekana una rekodi ya uhalifu" tunabeba koti na kuondoka. Usiondoke mikono mitupu.

Kijana mmoja tunayesali naye hapa Columbus, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alitimuliwa kwenye ghala la vifurushi kwa kesi ya wizi Texas. Texas yenyewe hajawahi kuikanyaga. Mimi sikushangaa. Waliotoka kambini wengi makaratasi yao yanasema wamezaliwa Januari 1, maana tarehe haikujulikana na karani alitaka nafasi ijazwe. Sasa weka na jina kama Hassan Juma. Kumbukumbu nyingi za mahakama hazionyeshi namba ya Social Security, ile ya kila mtu ya kwake, kwa hiyo kampuni ya uchunguzi inayowakagulia waajiri rekodi za watu ikilinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa tu, kesi ya mwingine inakuangukia wewe.

Sheria ipo tangu 1970, inaitwa Fair Credit Reporting Act, inayosimamia ripoti ambazo kampuni huandika kuhusu watu. Mwajiri akitegemea ripoti ya kampuni kama hiyo, anatakiwa akupe nakala yake na maelezo ya haki zako kabla ya kukuondoa. Kabla! Huyu wetu aliambiwa tu arudishe beji. Ukishaondolewa, wakutajie kampuni iliyoandika ripoti. Una siku 60 za kuomba nakala bure, na ukiipinga, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza upya. Pinga kwa barua ya rejista yenye kopi ya kitambulisho. Simu utapiga mpaka uchoke, na ushahidi huna.

Kama kosa ni lako kweli, shughuli ni pevu zaidi. Hata hivyo kukamatwa si kuhukumiwa, na mwongozo wa 2012 wa EEOC, shirika la serikali kuu linaloshughulikia ubaguzi kazini, unamshauri mwajiri apime uzito wa kosa, muda uliopita na aina ya kazi. Wakikutoa wewe na kumbakiza mzawa mwenye kosa kama lako, peleka malalamiko EEOC ndani ya siku 180. Majimbo mengi ni 300. New York na Illinois zina ulinzi mkubwa zaidi.

Ripoti ya kijana imesafishwa, kazi bado hajarudishiwa. Tumemtafutia wakili. Ukishinda kesi ya ile sheria ya 1970, aliyeshindwa ndiye hulipa gharama za wakili wako, kwa hiyo wapo wanaopokea kesi bila kudai hela mwanzoni.