Jina lilikwenda, gemu ikabaki

Baba mmoja ambaye wanawe hushinda steshenari kwangu kila Jumamosi aliniuliza kwa nini nimejaza kompyuta gemu ambazo hajawahi hata kuzisikia, wakati simu zimejaa gemu za bure. Siku ile nilimjibu kwa kifupi, maana foleni ya fotokopi ilikuwa ndefu. Jibu kamili ni hili.

Gemu nyingi za simu anazozisema zinamtaka mtoto awe na bando, avumilie matangazo kila raundi ikiisha, kisha aombe simu ya mama yake anunue sarafu. Siku kampuni ikizima seva, yaani kompyuta zake za mtandaoni zinazoendesha gemu, habari imekwisha. Kuingia hulipi, lakini hakuna kilicho chako.

Gemu nilizoweka mimi zina leseni huru, hakuna wa kukunyang'anya. Chukua mfano wa Nexuiz. Mwaka 1999 kampuni ya id Software ya Marekani iliachia msimbo wa gemu yake ya Quake, yaani maandishi ya programu yenyewe, chini ya GPL, leseni ambayo Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, aliianzisha miaka kumi kabla. GPL inakuruhusu kuutumia msimbo, kuusoma, kuubadilisha, kuugawa, hata kuuuza. Sharti ni kwamba ukimpa mwenzako ulichokibadilisha, naye apate msimbo na haki zilezile ulizopata wewe. Kutokana na msimbo ule ikazaliwa DarkPlaces, injini ya kuendeshea gemu, na juu ya injini hiyo watu wa kujitolea wakajenga Nexuiz, gemu ya kupigana risasi iliyotoka 2005.

Mwaka 2010 mwanzilishi wa mradi aliiruhusu studio ya IllFonic kulitumia jina la Nexuiz kwa gemu ya biashara. Wengi waliokuwa wakiijenga waliumia, na nawaelewa: umetoa usiku wako kwa kazi ya wote, halafu jina lake linakwenda sokoni. Lakini jina ndilo pekee lililoweza kuondoka. Msimbo walikuwa na haki ya kuuchukua, wakauchukua, wakauita Xonotic. Nexuiz ya biashara ilitoka 2012, na mwaka huohuo mchapishaji wake, THQ, akafilisika. Baadaye seva za gemu hiyo zikazimwa. Xonotic ilitoa toleo la 0.8.6 mwaka 2023. Imo kwenye kompyuta zangu za mtumba, inachezwa kwa waya na swichi ya kuunganisha kompyuta, bila bando.

Sasa kuhusu makampuni. Mwaka 1998 kundi la watu waliokutana Palo Alto, California, walichagua jina la chanzo wazi (open source) badala ya programu huru, ili wafanyabiashara wasiogope. Wakazungumzia ubora, kasi na gharama, na uhuru wa mtumiaji wakauweka nyuma. Sibezi matunda yake. Sehemu kubwa ya kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux unaoendesha kompyuta za duka langu, imeandikwa na watu wanaolipwa mishahara na makampuni, na nawashukuru.

Ila uhuru ukiwa ni mkakati wa biashara tu, biashara ikibadilika nao unaondoka. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform, programu yake ya kusimamia seva, ikawa si huru tena. Machi 2024 kampuni ya Redis ikafanya vivyo hivyo kwa programu yake ya kuhifadhi data, yenye jina hilohilo. Watu walichukua matoleo ya zamani, ambayo bado yalikuwa huru, wakaanzisha OpenTofu badala ya Terraform, na Valkey badala ya Redis. Mwaka 2025 Redis wakaongeza leseni huru ya AGPL, ndugu ya GPL. Watu hupenda kusema, basi mfumo unajisahihisha. Mimi naona jambo jingine: Valkey ilisimama haraka kwa sababu Amazon na Google waliihitaji. Nani mwenye mabilioni anaihitaji gemu ya mbio za magari wanayoshindana watoto wa Tanga? Hakuna. Ndiyo maana nasema gemu inaihitaji GPL kuliko hata programu za maofisini: wachezaji hawana tajiri wa kuwatetea, wana leseni tu.

Na leseni hiyo ina faida ya kila siku. Kijana wa kidato cha pili aliniuliza kama anaweza kuongeza kasi ya gari lake kwenye SuperTuxKart, ile gemu ya mbio za magari. Nikamfungulia faili la maandishi lenye tabia za magari, akabadilisha namba mwenyewe, gari likawa halishikiki kwenye kona. Wenzake wakalalamika, wakakaa pamoja kukubaliana kasi ipi ni ya haki. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Ukitaka SuperTuxKart, njoo na flashi. Haifiki GB 1, nakukopia bila malipo, nawe mkopie jirani.