Kabla ya mate kuingia kwenye kichupa

Hadi 2013, Marekani ilikuwa na kampuni moja tu, Myriad Genetics, iliyouza kipimo kamili cha BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na badiliko lenye madhara huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, na bei ilizidi dola 3,000. Mwaka huo Mahakama ya Juu ikakata shauri: jeni la asili halina mwenye hatimiliki. Bei ikaporomoka, leo maabara kadhaa hupima makumi ya jeni kwa dola mia mbili na ushei. Hata hivyo wanawake weusi, wahamiaji na wasio na bima bado hupimwa kwa uchache. Kikwazo kinaanzia kwenye fomu ya ukoo, inayoandikwa nani katika familia aliugua nini.

Kiingereza kina neno moja, “aunt”, kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Mkalimani akilitumia bila kufafanua, upande wa ukoo umepotea. Na “dada” anaweza kuwa binamu. Mnaojaza fomu na mgonjwa, ulizeni: mlizaliwa tumbo moja? Ni wa kwa baba au kwa mama? Aliugua akiwa na miaka mingapi? Upande wa baba husahaulika mno, ilhali badiliko la BRCA hupitia kwa baba sawa na kwa mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. “Alikufa kwa tumbo kujaa maji” huenda ilikuwa ini, huenda ilikuwa ovari. Msipite haraka hapo.

Saratani ya ovari kwa umri wowote, ya matiti kabla ya miaka 50, ya matiti kwa mwanamume, au ya kongosho: moja tu kwa ndugu wa karibu inatosha kuomba ushauri wa vinasaba. Ndugu huyo aliyeugua akiwa hai, apimwe yeye kwanza. Akipimwa asiyeugua peke yake na kisionekane kitu, hatujui kama ukoo hauna badiliko au yeye ndiye hakulirithi.

Mate ya kipimo yanahitajika takriban mililita 2, povu halihesabiwi. Nusu saa kabla: asile, asinywe, asivute, asitafune bigijii. Mdomo ukiwa mkavu, kama kwa wazee wengi, sampuli huweza kukataliwa. Chukueni damu, kichupa cha kifuniko cha zambarau. Aliyepandikizwa uboho apimwe kwa ngozi, la sivyo mtasoma jeni za aliyemchangia.

Jibu linalovuruga watu ni “badiliko lisilojulikana maana yake”. Huwapata zaidi wenye asili ya Afrika na Asia, kwa kuwa kumbukumbu za maabara zilijazwa zaidi taarifa za Wazungu. Si ruhusa ya kukata titi! Mengi hubainika baadaye kuwa hayana madhara, na taarifa hiyo huja baada ya miaka, simu ikiwa imeshabadilishwa. Andikeni namba mbili, moja ya ndugu.

Sheria ya Marekani iitwayo GINA, ya 2008, inazuia bima ya afya na mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa jeni zake. Bima ya maisha haimo. Anayeitaka aikate kabla ya kupimwa. Mkalimani ni haki bila malipo katika hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu, kwa hiyo mtoto wa mgonjwa asibebeshwe kazi hiyo.

Badiliko likipatikana, ombeni nakala yenye jina lake kamili, herufi na tarakimu zote. Ndugu aliyeko Goma au Kigoma akifika maabara nayo, hutafutiwa hilo moja tu.