Nimeishusha GX100 mara mbili, ile ya kwanza msiirudie

Nilipouliza namna ya kulishusha gari likae chini zaidi, wapo walioniambia "choma springi tu, kaka, chuma ni chuma." Walikuwa wawili, na wote wawili hawana gari. Hapo tu ningeshtuka.

Langu ni Toyota Mark II GX100 ya 1998. Nilishaweka rimu za inchi 17, lakini kati ya tairi na fenda ngumi yangu ilikuwa inapita na kugeuka humo ndani. Likikaa hivyo linafanana na mtu aliyepandisha suruali kuvuka mtaro. Nikapelekwa kwa fundi mmoja Tabata, chini ya mwarobaini. Akachungulia, akacheka: "Bosi, hii dakika ishirini." Hakufungua hata nati. Aliingiza mdomo wa gesi ya kuchomelea ndani ya fenda, akaichoma springi palepale ilipo, gari limesimama kwa uzito wake. Chuma kikawa chekundu, gari likaanza kushuka lenyewe polepole kama ngamia anayepiga magoti. Harufu ya raba inayoungua nikaambiwa ni vumbi. Sitadanganya, lilipendeza. Nikapiga picha kumi na kitu, nikatoa elfu arobaini na ya soda.

Jumamosi tukaenda harusini Kibaha, shangazi yake mke wangu kakaa nyuma. Kila tuta, gwa! Kila shimo, gwa! Tulipofika Mbezi akauliza kwa upole kabisa: "Baba Nuru, hili gari limebaki mifupa. Nyama imekwenda wapi?" Gari zima likacheka, mimi nikaongeza sauti ya redio.

Wiki ya tatu lilikuwa limeinamia kulia, na kila nikikata kona tairi linalia kwenye fenda. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, Dar, ndiye aliyefungua. Springi moja fupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Shokapu, ambayo kwenye gari hili inakaa katikati ya springi, inavuja mafuta, na kile kiraba cha kuzuia shokapu isigonge mwisho kimeyeyuka kikagandia kwenye fimbo. Ndilo lile vumbi. Ugumu wa springi unatoka kiwandani, hupikwa kwa moto kwa vipimo. Ukiichoma upya ugumu unaondoka, nayo inaendelea kulala kila siku.

Kuikata kwa grainda kuna nafuu, maana chuma hakiungui sana. Ila ikipungua mizunguko inakuwa ngumu zaidi, na gari likining'inia kwenye jeki inalegea, inaweza kutoka kwenye kikombe chake. Jirani yangu anatembea nayo. Lifti yake sipandi.

Mara ya pili nikanunua springi fupi kamili, za chesisi hiyohiyo, zinashusha kama sentimita tatu, na shokapu nne mpya. Ilikwenda laki sita, saba, niliacha kuhesabu. Kufunga sina la kueleza, ila ile nati ya juu ya shokapu usiiguse kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake. Ikifyatuka, taya halina spea.

Sasa niacheni nijisifu. Mzee alitaka kukaza nati za bushi gari likiwa bado juu. Nikamwambia subiri. Bushi ni raba iliyoshikana na chuma ndani na nje. Ukiikaza wakati mkono wa chuma unaoshika gurudumu unaning'inia, gari likishuka raba inabaki imesokotwa muda wote, na miezi michache tu inachanika. Tukafunga magurudumu, tukalishusha juu ya vipande vinene vya mbao, kila gurudumu na chake, likakaa kwa uzito wake. Nikalitikisa kila kona hadi likatulia, nikaingia chini na spana mwenyewe, shati jeupe na yote. Mzee alinitazama muda mrefu, akauliza ufundi nilisomea wapi. Mimi ni mhasibu.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa vipimo, nilipiga baada ya wiki mbili, springi zimeshakaa. Msiache hiyo: gari likishuka magurudumu yanalala kwa ndani juu, tairi linaliwa upande usiouona, unakuja kugundua limebaki nyuzi.

Shangazi kapanda tena juzi. Matuta nayapita kwa mshazari, gurudumu mojamoja, na bado bampa linakwangua mara mojamoja. Alikaa kimya mpaka Kimara, kisha akasema nyama imerudi, ila ya mbuzi mzee.